Mabonde Mawili, Mama Wawili

Siku moja ya baridi, kwa baisikeli, katika milima ya Kyoto

Mtu akitaja Japani, mara moja twakumbuka motokari, redio na treni ziendazo kwa kasi ya ajabu. Vitu hivyo ni vya kweli, walakini si Japani yote. Yako pia mabonde membamba yenye vijiji vidogo, na mahekalu ya mbao yaliyojificha chini ya miti mirefu tangu karne nyingi. Njia njema ya kuyafikia ni baisikeli. Aendaye kwa miguu huchoka kabla ya kuona yote. Aendaye kwa motokari huona yote asikumbuke hata moja. Mwenye baisikeli yu katikati yao.

Basi, wasomaji wapenzi, leo twawaalika tusafiri pamoja siku moja ya mwezi wa Januari. Tutatoka katika mji wa Kyoto, tutapanda kaskazini mpaka kijiji cha Ohara, tutavuka mlima kwenda Kurama, kisha tutarudi mjini kwa njia ya mto Kamo. Safari yote ni kilometa 40 hivi. Kwa kijana mwenye nguvu si mwendo mkubwa. Lakini ndani ya kilometa hizo imo habari ya mama wawili na watoto wao, nayo ndiyo iliyotusukuma kushika kalamu.

Siku fupi, baridi kali

Kyoto ni mji wa kale. Tangu mwaka 794 makaisari wa Japani walikaa humo zaidi ya miaka elfu moja, mpaka makao yao yalipohamishiwa Tokyo katika karne ya 19. Mji wenyewe umelala kama ndani ya bakuli: mashariki milima, kaskazini milima, magharibi milima, upande wa kusini tu ndio ulio wazi. Kwa hiyo wakati wa baridi hewa nzito hutulia juu ya mji, nao wenyeji husema kwamba baridi ya Kyoto haishuki kutoka mbinguni, bali hupanda kutoka ardhini mpaka mifupani.

Sisi tukaao karibu na ikweta tumezoea mchana wa saa 12 mwaka mzima. Huko sivyo. Katikati ya Januari jua hutoka baada ya saa 1 ya asubuhi, na kabla ya saa 11 na nusu ya jioni limekwisha kuzama. Mchana ni wa saa 10 tu. Mwenye baisikeli yampasa kuhesabu saa zake kama mwenye duka ahesabuvyo fedha, kwa maana giza likimkuta mlimani, barafu nayo humkuta.

Asiyezoea hudhani kwamba yafaa kuvaa nguo zote alizo nazo. Kumbe, apandapo mlima hutokwa na jasho, na ashukapo upepo hulipoza jasho lile, hata akatetemeka kama mgonjwa wa homa. Mwenye akili huvaa nguo nyepesi mbili tatu, moja juu ya nyingine. Huvua moja kabla ya kupanda, huivaa tena kabla ya kushuka. Tena hasahau glovu, maana vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki.

Njia ya samaki

Twaanzia mahali inapokutana mito miwili, Kamo na Takano. Mawe makubwa yamepangwa majini, mengine yamechongwa mfano wa kobe, na watoto huvuka mto kwa kuyarukia moja moja. Shakwe weupe, waliokimbia baridi kali zaidi ya kaskazini, wanaelea juu ya maji. Twashika mkono wa kulia, twaufuata mto Takano, na njia yaanza kupanda polepole.

Njia hiyo ina sifa yake. Zamani wachukuzi walileta kwa miguu samaki wa bahari kutoka mji wa Obama, ulio pwani ya kaskazini, mpaka Kyoto. Ulikuwa mwendo wa kilometa 70 na zaidi, mlima baada ya mlima. Samaki walitiwa chumvi pwani, na walipofika mjini chumvi ilikuwa imekwisha kuwaingia kwa kadiri ipasayo. Samaki huyo kwa Kijapani aitwa saba, jina lisilo na undugu na hesabu yetu ya saba, na hata leo njia yaitwa kwa jina lake.

Upande wa kulia mlima mmoja wasimama juu ya mingine, umevaa theluji kichwani. Ndio Hiei, wenye urefu wa meta 848. Mwaka 788 mtawa aitwaye Saicho alijenga huko kibanda cha sala, nacho kikawa baadaye hekalu kubwa la Enryaku-ji, shule ya watawa wengi wa dini ya Buda. Mtakatifu Fransisko Ksaveri naye aliutazama mlima huo. Alifika Kyoto mwezi wa Januari 1551, kwa miguu, katika theluji, akitumaini kuonana na Kaisari na kuzungumza na mabwana wa elimu wa Hiei. Kwa Kaisari hakupokelewa, wala mlima haukumfungulia. Mji wenyewe aliukuta magofu, kwa sababu ya vita vya wenyeji kwa wenyeji. Baada ya siku 11 akaondoka.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1571, mkuu wa vita Oda Nobunaga alipanda Hiei na askari wake, akayachoma mahekalu na kuwaua watu wengi waliokuwamo. Mahekalu yakajengwa tena. Na juu ya mlima uleule, mwezi wa Agosti 1987, wakuu wa dini mbalimbali walikutana kuomba amani, wakifuata mfano wa mkutano wa Assisi wa mwaka 1986. Hivyo mlima mmoja waweza kuona moto na sala pia.

Wanawake wa kuni

Baada ya kilometa 12 hivi bonde lafunguka. Ndipo Ohara. Mashamba yamelala chini ya theluji nyembamba, moshi watoka katika nyumba, na kelele ya mji haisikiki tena.

Mama zetu wangalifika hapa wasingaliona ugeni. Karne nyingi wanawake wa Ohara walikata kuni milimani, wakazifunga, wakazitia kichwani, wakatembea kwenda kuziuza Kyoto, wamevaa nguo za rangi ya nili na kitambaa cheupe kichwani. Kazi hiyo iliendelea mpaka karne ya 20. Leo watu hupika kwa gesi na umeme, na nguo zile huvaliwa siku za sikukuu tu. Lakini jina la wanawake wa Ohara halijasahauliwa.

Hapa twala chakula cha moto: tambi nene katika mchuzi, na pembeni biringanya zilizochachushwa kwa chumvi pamoja na majani mekundu yaitwayo shiso. Rangi yake ni ya zambarau, ladha yake ni kali na chachu. Katika baridi kama hii, bakuli la mchuzi lashikwa kwa mikono miwili, nayo mikono hunywa kabla ya kinywa.

Upande wa mashariki wa bonde liko hekalu la Sanzen-in. Twaacha viatu mlangoni, na ubao wa sakafu watuuma nyayo kwa baridi. Ndani ya nyumba ndogo, yenye dari iliyojengwa mfano wa tumbo la jahazi, zimo sanamu tatu za mwaka 1148. Katikati ameketi Amida, ambaye Mabuda wa madhehebu haya huamini kwamba huja kuwachukua wanaokufa. Wasaidizi wake wawili wamepiga magoti, wameinama mbele kidogo, kama watu walio tayari kuinuka kumpokea mgeni. Imani yetu ni nyingine. Lakini mtu mwenye adabu, aingiapo nyumbani mwa jirani, hupunguza sauti. Naye aliyewahi kukaa karibu na kitanda cha mgonjwa wa kufa hawezi kuyatazama magoti yale asiguswe moyo.

Mama wa Ohara

Upande wa magharibi wa bonde, juu ya ngazi za mawe, liko hekalu dogo la watawa wa kike. Jina lake ni Jakko-in. Ndipo alipokaa mama wa kwanza wa habari yetu.

Katika karne ya 12 koo mbili kubwa za askari zilishindana Japani: ukoo wa Taira na ukoo wa Minamoto. Mwaka 1160 Taira walishinda. Mkubwa wao, Kiyomori, akawa na nguvu kuliko wote katika nchi. Binti yake Tokuko akaolewa na Kaisari, akazaa mtoto wa kiume mwaka 1178, na mwaka 1180 mtoto huyo, jina lake Antoku, akawekwa kuwa Kaisari kabla hajajua kusema vizuri. Nani angalidhani kwamba nyumba hiyo itaanguka? Lakini mwaka uleule Minamoto waliinuka tena. Kiyomori akafa mwaka 1181, na ukoo wake ukafukuzwa kutoka Kyoto mpaka baharini.

Vita vya mwisho vilipiganwa ndani ya mashua huko Dan-no-ura, mwezi wa Aprili 1185. Taira walipoona kwamba wameshindwa, bibi wa mtoto alimkumbatia, akaruka naye majini. Antoku alikuwa na umri wa miaka 6. Mama yake naye alijitupa, lakini askari wa Minamoto walimnasa kwa nywele, wakamtoa hai. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Tokuko alinyolewa nywele, akawa mtawa, akaja kukaa Ohara katika chumba kidogo, akiwaombea mwanawe na jamaa zake wote waliokufa. Masimulizi ya ukoo wa Taira, ambayo kila Mjapani aliyesoma ayajua, yaeleza kwamba mwaka 1186 Kaisari mzee Go-Shirakawa, baba wa mume wake, alikuja kumtazama. Hakumkuta nyumbani. Aliambiwa kwamba amepanda mlimani kuchuma maua ya kumtolea Buda. Mara wakaonekana watawa wawili wakishuka genge, mmoja amechukua kikapu cha maua, mwingine kuni na mboga za porini. Yule wa maua ndiye aliyekuwa mke wa Kaisari na mama wa Kaisari.

Hekalu tulionalo leo ni jipya. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei mwaka 2000 mtu alilitia moto, likateketea. Lilijengwa upya, likamalizika mwaka 2005. Sanamu yake kubwa ya mwaka 1229, ya Jizo, ambaye Wajapani humwona kuwa mlinzi wa watoto, iliungua ikawa nyeusi kama kaa. Lakini ilipochunguzwa, sanamu ndogo zaidi ya 3,000 zilizofichwa tumboni mwake zilionekana zimesalimika. Sanamu ile iliyoungua haikutupwa. Yahifadhiwa mpaka leo.

Kuvuka mlima

Tokea Ohara njia yageuka magharibi, yapanda katikati ya mierezi iliyosimama wima kama nguzo za kanisa. Hapa jua la Januari haliingii. Theluji iliyoyeyuka mchana jana imeganda usiku, ikawa kioo cheusi juu ya lami. Sheria ya mahali hapa ni moja: breki isibanwe kwa ghafula, na usukani usigeuzwe kwa nguvu. Penye shaka, shuka uisukume baisikeli. Kushuka si aibu. Kuanguka ndiko kuumiako.

Twapita kwa jasho na pumzi nyeupe, twafika juu penye njia ya Ebumi, na mara bonde jingine laonekana. Kaisari mzee Go-Shirakawa, alipokwenda kumtazama Tokuko, alitoka upande huu wa Kurama, kama masimulizi yasemavyo. Sisi twaelekea alikotoka yeye. Twateremka kijiji cha Shizuhara, twazunguka mguu wa mlima, na kabla ya saa 8 mchana twafika Kurama.

Mama wa Kurama

Penye ngazi za hekalu la Kurama walinzi wa mawe si simba wala mbwa, bali chui milia. Baisikeli twaiacha chini, maana njia ya juu ni ya miguu tu. Mizizi ya miti imetoka ardhini ikasukana kama mkeka, kwa sababu chini yake mwamba ni mgumu, haiwezi kuzama. Juu ya mizizi hiyo, yasemwa, alijizoeza upanga mtoto aitwaye Ushiwaka. Hadithi za watu zaongeza kwamba mwalimu wake alikuwa zimwi la milimani lenye uso mwekundu na pua ndefu. Hilo ni la hadithi. Lakini mtoto mwenyewe aliishi kweli, na mama yake pia.

Mama huyo ni Tokiwa. Mume wake alikuwa Yoshitomo, mkubwa wa Minamoto, aliyeuawa baada ya kushindwa na Taira mwaka 1160. Tokiwa alibaki na watoto watatu wa kiume. Yule mdogo, Ushiwaka, alikuwa mchanga wa kunyonya. Masimulizi ya kale yasema kwamba alikimbia katikati ya theluji, mchanga kifuani, wale wawili wakitembea kando yake na miguu yao imevimba kwa baridi. Aliposikia kwamba mama yake mzazi ameshikwa kwa ajili yake, alirudi Kyoto, akajitoa mikononi mwa Kiyomori, akawaombea watoto wake. Naye Kiyomori akawaachilia hai, kwa shauri kwamba wawe watawa. Hivyo Ushiwaka akaletwa Kurama.

Wasomaji wameshatambua mwisho wake. Kijana alitoroka hekalu, akamfuata kaka yake wa baba mmoja, Yoritomo, ambaye Kiyomori alimhurumia vilevile. Akaitwa Yoshitsune. Ndiye aliyewaongoza Minamoto pale Dan-no-ura, siku alipozama mtoto wa Tokuko.

Basi bonde hili lilimlea mshindi, na bonde lile likampokea mama wa aliyeshindwa. Kati yao ni mlima mmoja tu, ambao baisikeli huuvuka kabla ya chakula cha mchana kushuka tumboni.

Je, huruma ilikuwa kosa?

Wako wasemao: “Kiyomori alijichimbia kaburi. Angaliwaua watoto wa Minamoto, ukoo wake usingaliangamia.” Neno hilo husemwa Japani, na husemwa penginepo pia, mahali popote watu wanapogombana kwa silaha. Yatupasa kulijibu, wala tusilipite kama hatukusikia.

Mtu mmoja alilishika neno hilo kwa bidii, naye ni Yoritomo. Alijua kwa nafsi yake kwamba mtoto aliyeachwa hai huweza kurudi na upanga. Basi yeye hakuacha. Watoto wa kiume wa Taira walitafutwa, wakauawa. Hata ndugu yake Yoshitsune, aliyempatia ushindi, alimwonea wivu na hofu, akamwinda. Mwaka 1186 Shizuka, mpenzi wa Yoshitsune, alizaa mtoto wa kiume mikononi mwa watu wa Yoritomo. Siku ileile mtoto akanyang'anywa, akauawa. Huyo ni mama wa tatu, naye hana bonde lake katika safari yetu. Yoshitsune mwenyewe alikufa mwaka 1189, amezingirwa na adui, akiwa na umri wa miaka 30 hivi.

Je, Yoritomo alipata usalama? Yeye alikufa mwaka 1199. Mwanawe wa kwanza, Yoriie, aliuawa mwaka 1204. Mwanawe wa pili, Sanetomo, aliuawa usiku mmoja wa theluji nyingi mwaka 1219, penye ngazi za hekalu la Kamakura. Aliyemwua alikuwa mtoto wa Yoriie, akisema kwamba analipiza kisasi cha baba yake. Naye akauawa siku ileile. Hivyo ukoo wa aliyehurumia ulianguka, na ukoo wa asiyehurumia ukaanguka pia. Tofauti ni moja: nyumba ya Taira iliangushwa na adui zake, nyumba ya Yoritomo ilijiangusha yenyewe. Huruma ya Kiyomori haikuwa kosa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mtoto wa Kurama kwamba baba huheshimiwa kwa njia nyingine kuliko damu.

Kurudi

Saa 9 imekwisha kupita, na kivuli cha mlima kimeifunika Kurama. Twavaa tena nguo tuliyoivua, twafunga shingo, twashuka pamoja na mto. Mteremko ni mrefu. Miguu yapumzika, mikono ndiyo ifanyayo kazi. Bonde lapanuka, nyumba zaongezeka, na karibu na hekalu la Kamigamo twaukuta mto Kamo, ambao watushika mkono mpaka mjini. Ukingoni wanafunzi warudi nyumbani kwa baisikeli zao, kengele zikilia, na kikapu cha mbele kimejaa vitabu. Jua lagusa milima ya magharibi.

Watoto hao wajifunza shuleni majina ya Antoku na Yoshitsune. Wajifunza yote mawili, la aliyeshinda na la aliyezama. Hilo ni jambo la kutazamwa na wazazi na walimu. Kila jioni katika nyumba nyingi, moto ukiwaka na chakula kikiiva, mtoto husikia habari za babu yake: nani alimnyang'anya shamba, nani alimwua ndugu yake, na kabila lake ni lipi. Habari hizo si uongo, wala haifai kuzificha. Lakini mara ngapi mtoto husikia pia habari ya mama wa upande wa pili, aliyelia kama mama yake mwenyewe? Anayesimulia nusu humpa mtoto upanga. Anayesimulia yote mawili humvusha mlima.